Siku Tisa za Mwigo

Mama mkwe wa Shaibu alikufa mara mbili kabla hajaruhusiwa kutoka hospitali.

Mara ya kwanza alikufa sebuleni, saa tisa alasiri, akiwa ameketi kwenye kiti huku redio ikitangaza mpira. Shaibu alikuwa jikoni anakoroga uji. Alisikia kengele ndogo, ile ya kusema siku nyingine imepita, kisha ikafuata sauti kama ya mtu anayevuta soda kwa mrija wakati chupa imekwisha. Alipotoka na bakuli mkononi, Bi Somoe alikuwa ameangusha kichwa begani. Midomo imebadilika rangi. Miguu chini ya kanga imejaa hadi raba zimepasuka ubavuni.

"Mama," alisema. "Mama?"

Kwenye paji la uso la Bi Somoe ikawaka taa ya buluu, na sauti ambayo haikuwa yake ikatoka kifuani: "Mgonjwa amefariki. Siku ya kumi na sita. Tafadhali usiguse. Mhudumu yuko njiani."

Shaibu akaweka bakuli chini, akakaa sakafuni, akalia. Alijua kabisa kwamba kilichokuwa mbele yake ni mpira, mirija na betri, na kwamba Bi Somoe wa kweli yuko hai wodini, upande wa pili wa mji wa Newala, pengine anamgombeza mtu kuhusu chai. Alilia hivyo hivyo.

Mwigo uliletwa siku moja kabla, alfajiri, kwa gari la hospitali. Nesi Kokusima, mwanamke mrefu wa Bukoba asiyependa kurudia neno, alifungua mlango wa nyuma, na mtu akashuka. Alikuwa na uso wa Bi Somoe, kovu la Bi Somoe juu ya nyusi, na namna yake ya kujishika kiuno kabla ya kupiga hatua ya kwanza. Shaibu akajikuta ameinamisha macho na kusema, "Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe," mwigo ukajibu.

"Huu ni wa kwako kwa siku tisa," alisema Kokusima. "Unajua sheria. Mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa haruhusiwi kurudi nyumbani mpaka mlezi wake autunze mwigo siku tisa usife. Siku moja yako ni siku kumi zake. Kila baada ya saa moja na nusu kengele inalia, kwake kumekucha tena. Saa tatu usiku unazima, saa kumi na mbili asubuhi unawasha. Ukiwa na dharura unaweza kusimamisha saa mbili kwa siku, si zaidi. Una mwili wake, tumepima kila kitu. Una tabia zake pia. Tulimhoji siku nne."

"Na akifa?"

"Tunaanza upya."

Kokusima aliuita "huu". Shaibu alijaribu, ikamshinda kabla gari halijaondoka. Akamwita "huyu".

Ilimwangukia yeye kwa sababu hapakuwa na mwingine. Esha, mkewe, mtoto pekee wa Bi Somoe, alikuwa fundi wa nyaya za mawasiliano zinazolazwa chini ya bahari, na meli yao ilikuwa na miezi mitano mbele kabla ya kutia nanga. Shaibu alihamia nyumbani kwa wakwe alipooa, kama wanaume wengi wa huko wanavyofanya, na katika miaka minne hajawahi kula kwenye mkeka mmoja na Bi Somoe wala kumtazama usoni zaidi ya salamu inavyohitaji. Walipendana kwa mbali. Yeye alimtengenezea bomba na paa. Bi Somoe alimwekea kiporo kwenye chungu alichokifinyanga mwenyewe na kuacha mlango wa jiko wazi ili ajue.

Sasa Kokusima alikuwa amechuchumaa mbele ya mwigo aliyekufa, anasoma kioo kidogo nyuma ya shingo.

"Umemuuliza mara kumi na sita ameamkaje. Mara kumi na sita amejibu hajambo."

"Ndivyo alivyo."

"Najua ndivyo alivyo, ndiyo maana tumemtengeneza hivyo. Mizani iko wapi?"

Shaibu akaonyesha kwa kidevu. Mizani ilikuwa bado kwenye boksi lake, pembeni ya kabati.

"Nesi, yule ni mama mkwe wangu. Nimwambie apande mizani? Nimfunue kanga nitazame vifundo vya miguu?"

"Usipotazama wewe, nani atatazama?" Kokusima hakusema kwa ukali. Akafungua kifuniko mgongoni mwa mwigo. "Wewe si fundi wa pampu? Sogea."

Shaibu alisogea. Ndani mlikuwa na pampu ya ukubwa wa ngumi, nyekundu, iliyounganishwa na mirija minene na myembamba. Kokusima akaiwasha peke yake. Ilibana, ikalegea, ikabana tena kwa uvivu, kama mtu anayekunja ngumi akiwa usingizini.

"Haisukumi yote," alisema Shaibu. Alikuwa ameshasahau machozi. "Inabakiza zaidi ya nusu ndani. Kwetu pampu ikifika hapo tunaibadilisha. Maji yanarudi nyuma kwenye bomba la kuingilia."

"Yanakwenda wapi?"

"Yanatafuta pa kukaa."

"Basi. Miguuni kwanza, halafu tumboni, halafu mapafuni. Mwili unahifadhi maji yaliyokosa njia. Ukimpima kila asubuhi akishatoka chooni na kabla hajala, na ukakuta kilo mbili zimeongezeka ndani ya siku tatu, usidhani amenenepa. Ni maji. Chumvi inayaita, dawa ya maji inayatoa." Alifunga kifuniko. "Zamani tulikuwa tunawapa ndugu karatasi na mfuko wa vidonge, tunawaambia mwangalieni. Wiki ya tatu wanarudi naye anazama akiwa kitandani. Hakuna aliyewahi kuwauliza kama wanajua kuangalia ni kuangalia nini."

Mara ya pili Shaibu alikuwa mtu mwingine. Alibandika chati ukutani. Alihamisha chumvi ikakaa juu ya kabati, akatupa samaki mkavu wote aliyekuwamo jikoni, akapima maji ya kunywa kwa kikombe chenye mistari. Kila kengele ilipolia alisema, huku anatazama dirisha, "Mama, naomba upande mizani," na mwigo alipanda akinung'unika kwamba nyumba imegeuka ghala la kupimia mazao.

Siku ya ishirini na nne mizani ilionyesha kilo moja zaidi. Shaibu aliona kifo kimerudi. Badala ya kidonge kimoja cha maji akampa viwili. Kengele iliyofuata akampa viwili tena, akapunguza maji ya kunywa yakawa vikombe viwili kwa siku. Kilo zilishuka. Moja, mbili, tatu, nne. Aliandika namba zile kwa wino mwekundu, amejaa furaha.

"Mkwe, ulimi umekauka," alisema mwigo.

"Vumilia kidogo, mama. Unaendelea vizuri."

Jioni ya siku yake ya tatu, Bi Somoe aliinuka ili aende mlangoni kupunga hewa. Akasimama. Akasema, "Mbona giza?" Akaanguka kwa upande, kichwa kikagonga fremu ya mlango kwa sauti ambayo Shaibu aliendelea kuisikia siku nyingi.

"Mgonjwa amefariki," kifua kikasema. "Siku ya ishirini na nane. Upungufu wa maji. Figo."

Kokusima alipofika alimkuta amekaa nje, chati imekunjwa mkononi.

"Nilimkausha," alisema Shaibu.

"Ndiyo. Kilo moja siku moja haikuwa hatari. Ungenipigia simu. Namba iko ubavuni mwake, imeandikwa kwa herufi kubwa."

"Nilidhani ukipiga umefeli."

Kokusima akakaa karibu naye, jambo ambalo hakuwa akilifanya. "Kila mlezi anadhani hivyo," alisema. "Nimetangaza, nimebandika, bado wanadhani hivyo. Kupiga simu ndiyo kazi yenyewe, Shaibu."

Safari ya tatu alipiga simu mara nne ndani ya siku mbili, nyingine kwa maswali ya kijinga kabisa, na Kokusima alijibu yote. Alijifunza pia kwamba kuna maswali ambayo Bi Somoe hawezi kuyajibu kwa neno moja. Ukimuuliza umeamkaje, hajambo. Ukimuuliza jana ulilala na mito mingapi, lazima ahesabu. Akisema miwili, vizuri. Akisema mitatu na bado alikaa kitako, ujue maji yanapanda. Shaibu alianza kuona raha katika kuuliza. Aliuliza alipumzika wapi njiani kutoka chooni, viatu gani vinambana, uji una ladha gani siku hizi. Mwigo alikuwa akimfungulia Bi Somoe ambaye hakuwahi kukutana naye.

Siku ya arobaini na moja aligundua kitu. Kila baada ya siku saba uzito ulipanda zaidi ya nusu kilo, ukashuka, ukapanda tena. Alifungua kisanduku cha dawa chenye vyumba saba. Kidonge cha maji cha Ijumaa kilikuwa bado kimo. Akatazama chini ya mto wa kiti. Vya Ijumaa zilizopita vilikuwa pale, vimefungwa kwenye kitambaa.

"Mama, kwa nini vidonge vya Ijumaa vinabaki?"

Mwigo ukajibu bila kusita, kwa sauti ile ile ya kuomba chai. "Ijumaa nakwenda shimoni na wafinyanzi wenzangu kuchimba udongo. Kule hakuna choo, ni vichaka. Nikimeza kile kidonge nainuka kila saa, na siwezi tena kuchuchumaa peke yangu. Nilijikojolea mara moja mbele ya mwenzetu Fadina. Mara ya pili sitaki."

Shaibu alisimama na kisanduku mkononi. Hivyo ndivyo Bi Somoe alivyofika hospitali. Madaktari waliuliza wiki nzima kwa nini dawa hazifanyi kazi, na hakuna aliyeambiwa. Sasa ameambiwa yeye, mkwe, mtu wa mwisho duniani ambaye Bi Somoe angemtamkia neno lile.

Alimpigia Kokusima. "Kidonge cha maji lazima kiwe asubuhi?"

"Hapana. Akiwa na safari anaweza kumeza akirudi, mradi isiwe jioni sana. Kwa nini?"

Alimweleza. Kokusima akasema polepole, "Tangu alazwe tunalitafuta hilo. Nani amekuambia?"

"Yeye."

"Yeye yupi?"

Shaibu akafunga kisanduku cha dawa.

Kesho yake ujumbe ulikuja kutoka hospitalini kama unavyokuja kwa kila mlezi anayekaribia kumaliza. Siku ya tisa kutakuwa na swali moja la mwisho, na jibu litaingia kwenye faili la mgonjwa: *Dawa zikishindwa kabisa, mgonjwa anataka awe wapi, na nani awe karibu naye?* Kokusima aliongeza kwa simu kwamba walezi wengi humuuliza mwigo. Inaruhusiwa. Inachukua nusu dakika.

Esha alipopiga simu ya video kutoka melini, uso wake ukiwa umepauka kwa chumvi ya baharini, aliona ajabu kwamba mumewe bado anafikiria.

"Muulize, Shaibu. Si ndiyo kazi yake?"

"Nimeshamuuliza moja. Naona kama nimepekua sanduku la mtu."

"Na bila hilo sanduku mama angekufa. Wewe unataka heshima au unataka mama awe hai?"

"Nataka vyote."

"Basi mimi sijui," alisema Esha, na sauti ikamkatika. "Mimi niko huku. Siwezi hata kumshika mkono. Fanya utakaloona."

Shaibu alivuta kigoda akakaa mbele ya mwigo. Nje kulikuwa na ukungu wa asubuhi, ule unaopanda kutoka bonde la Ruvuma na kufunika mikorosho. "Mama," alisema, "naomba nikuulize jambo kubwa."

"Uliza, mkwe," mwigo ukasema papo hapo, umemkazia macho.

Wepesi ule ndio uliomzuia. Bi Somoe aliyemjua yeye angetazama pembeni. Angesema subiri nimalize hiki. Angekufanya usubiri mpaka jioni, na pengine katika kusubirisha kule ndimo angekuwa anaamua. Huyu hakuwa na pa kujificha. Shaibu akaona aibu, kama vile amemfungulia mtu mlango wa bafu.

"Basi, mama," alisema. Akabonyeza kitufe cha kusimamisha, akawasha pikipiki, akaenda hospitali.

Bi Somoe wa kweli alikuwa ameegemea mito mitatu, mdogo kuliko mwigo, kana kwamba walipokuwa wakinakili waliongeza kidogo. Shaibu alipiga goti kando ya kitanda, macho kwenye vigae, akaanza na Ijumaa. Alisema haraka ili asirudi nyuma: kidonge, udongo, vichaka, na kwamba nesi amekubali ameze akirudi, saa nane mchana, hivyo hakuna haja ya kuacha.

Alipoinua macho, Bi Somoe alikuwa anamtazama moja kwa moja, kwa mara ya kwanza.

"Nani kakwambia?"

"Wewe, mama. Yule aliyeko nyumbani."

"Kuna mimi mwingine nyumbani?"

"Si walikuhoji siku nne? Ukaweka dole gumba kwenye kioo?"

"Nilidhani ni mdoli wa kujifunzia sindano." Mikono yake ikaanza kutafuta ncha ya kanga. "Na huyo anasema?"

"Kila anachoulizwa."

Bi Somoe akajifunika kanga usoni. Kifua chake kilipanda na kushuka chini ya kitambaa, na Shaibu, bila kutaka, akajikuta anahesabu pumzi. Ishirini na nne kwa dakika. Si mbaya.

"Toka, mkwe," alisema Bi Somoe. "Tafadhali toka."

Asubuhi Kokusima alipiga simu. Bi Somoe amekataa kurudi nyumbani kukaa na Shaibu. Amesema apelekwe kwenye makao ya wagonjwa, huko Mtwara, ambako hajui mtu na hakuna mtu anayemjua.

"Hakuna njia nyingine?" aliuliza Shaibu.

"Ametaja moja. Amesema kabla hajaenda popote, amwone huyo mwenzake."

Walimleta siku ya tisa, saa nne asubuhi, kwenye kiti cha magurudumu chenye mtungi wa oksijeni nyuma. Mwigo alikuwa amekaa mahali pake karibu na dirisha. Bi Somoe aliomba asogezwe karibu, karibu zaidi, hadi magoti yakagusana. Shaibu alisimama mlangoni akitegemea kilio au tusi. Badala yake Bi Somoe alinyoosha kidole akabonyeza kifundo cha mguu cha mwigo, akatazama shimo likibaki kisha likijaa taratibu.

"Hivi ndivyo miguu yangu inavyofanya?"

"Ndiyo, mama," alisema Kokusima.

"Sijawahi kuiona vizuri. Macho hayafiki." Akabonyeza tena, kama mtoto na unga. Kisha akataka azungushwe nyuma, akaangalia kisogo, mabega, mshono wa gauni. "Nimezeeka vibaya kwa nyuma huku. Kwa nini hamkusema?" Akarudi mbele. "Wewe. Mume wako aliitwa nani?"

"Ajali bin Mfaume," ukajibu mwigo. "Lakini nilimwita Chai."

Bi Somoe akacheka ghafla, akakohoa, akacheka tena. Aliuliza mengine mengi, mengine kwa Kimakonde na kwa kunong'ona, sikio lake kwenye mdomo wa mwigo, na mara mbili alirudi nyuma akasema, "Haa!" Ilikuwa kama wanawake wawili waliokutana harusini na kugundua wametoka kijiji kimoja. Shaibu alisahau hofu yake. Alitaka kujua kinachosemwa, na alijua hatauliza.

Kisha Bi Somoe akaegemeza mgongo kwenye kiti. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Dawa zikishindwa, unataka uwe wapi?"

"Hospitalini," ukasema mwigo. "Sitaki kumwachia mkwe maiti ya kubeba. Si mwanangu."

Neno hilo lilimfikia Shaibu pale mlangoni likamkaa. Kokusima akajifanya anakagua mtungi.

"Nilisema hivyo," alisema Bi Somoe. "Kweli ni mimi. Siku ya pili wodini. Nilikuwa navuta pumzi haifiki chini, kijana ananishikia kioo, ananiuliza maswali. Ungekuwa wewe ungesema nini?" Hakuwa anamwambia yeyote hasa.

"Na sasa, mama?" aliuliza Kokusima.

"Sasa aniulize yeye." Alionyesha mlangoni bila kugeuka.

Shaibu alikuja akachuchumaa mahali anapoweza kuonekana. "Mama, dawa zikishindwa, unataka uwe wapi?"

Bi Somoe alitazama dirisha. Alitengeneza kanga. Aliomba maji, akanywa funda moja, akarudisha kikombe. Walisubiri.

"Hapa," alisema. "Kwenye kiti, nisilazwe chali. Mlango uwe wazi. Esha apigiwe hata kama yuko chini ya bahari. Choo na kuoga ni Fadina, nimeshaona hakufa aliponiona. Na wewe uwepo. Lakini mwezi ukiandama uje uniulize tena, maana mimi si jiwe, nabadilika."

Shaibu aliandika yote kwenye kioo cha Kokusima, kile cha kujazia faili, neno kwa neno. Kioo kikafikiri. Kikaandika kwa rangi nyekundu: *Jibu halilingani na la mgonjwa. Mlezi hajafaulu.*

"Mgonjwa huyu hapa!" alisema Shaibu.

"Mfumo unamjua yule." Kokusima alikuna shavu, akatazama nje kwenye gari, akarudisha sauti chini. "Sikilizeni. Siku tisa zinaisha leo, hajafa. Ukiandika 'hospitalini', sasa hivi unafaulu na mama analala hapa leo. Ukikataa, tunamhoji upya siku nne, tunarekebisha mwigo, unaanza siku tisa tangu mwanzo. Siku kumi na tatu nyingine wodini. Mimi sijasema kitu."

"Andika," alisema Bi Somoe haraka. Alikuwa anatazama mlango wa chumba chake, ule wa mbao alioupaka rangi mwenyewe, na kitanda kilichoonekana ndani. "Andika hilo wanalolitaka, mkwe. Nimechoka na ile wodi."

Shaibu alishika kioo. Ilikuwa herufi kumi na moja tu. Lakini alijua faili linavyofanya kazi. Kazini kwake pia kulikuwa na mafaili. Siku itakapofika watakuja watu wasiomjua Bi Somoe, watasoma kilichoandikwa, watampakia garini amelala chali, na hakuna kilio cha mkwe kitakachowarudisha. Na hata kama ingewezekana kuwarudisha, neno lake la kwanza kama mlezi lingekuwa uongo juu ya mtu anayemtunza.

"Samahani, mama," alisema. "Siandiki."

Hakuwahi kumkatalia kitu. Bi Somoe alimgeukia kwa hasira, akafungua mdomo, akaufunga. Alipelekwa garini bila kuaga.

Mahojiano mapya yalianza siku mbili baadaye kwenye chumba kidogo karibu na wodi. Shaibu alikuwa koridoni, anasubiri ili tu awe jengo moja na Bi Somoe, Kokusima alipotoka akasema, "Anakuita. Anasema hawezi kuzungumza na kioo peke yake, kinamtolea macho."

Aliwekewa kiti pembeni. Sauti ya kioo, sauti ya kike isiyo na lafudhi ya mahali popote, iliuliza maswali moja baada ya jingine, na Bi Somoe aliyajibu akimtazama Shaibu. Mito mingapi. Mitatu, ile migumu. Chakula gani anakikosa. Samaki wa chumvi, na asidanganywe kwamba ndimu ni sawa. Nani anamkera. Orodha ilikuwa ndefu, na Shaibu alikuwamo, kwa kutembea na viatu vya kazi ndani.

"Unaogopa nini?" kiliuliza kioo.

Bi Somoe alikunja ncha ya kanga, akaikunjua. "Kuzama nikiwa macho," alisema. "Na kumfanya Esha aache kazi yake." Kisha akaweka kiganja juu ya kioo, akakifunika. "Na wewe, mkwe? Unaogopa nini?"

Kokusima alisogea. "Mama, hilo halimo kwenye maswali."

"Namuuliza mimi."

Shaibu alitazama vigae, halafu akaacha kuvitazama. Alidhani atasema anaogopa kifo cha Bi Somoe. Kilichotoka kilikuwa kingine. "Naogopa kuchoka," alisema. "Mwigo unazimwa saa tatu usiku, na siku tisa zikiisha unarudishwa. Wewe si siku tisa. Naogopa siku nitakayochoka hadi nikatamani yaishe, halafu niendelee kukuandalia uji huku nimeshatamani hivyo."

Kwenye korido mtu alisukuma toroli la vyombo likapita.

"Nilimuuguza mume wangu miaka sita," alisema Bi Somoe. "Mwaka wa nne nilitamani. Sikumwambia mtu mpaka leo." Aliondoa kiganja kwenye kioo, akamgeukia Kokusima. "Hilo la kwake nalo liandikwe."

"Hakuna sehemu ya mlezi, mama. Faili ni la mgonjwa."

"Basi itengenezwe. Nitakaa hapa na miguu yangu hii mpaka itengenezwe."

Kokusima aliwatazama wote wawili kwa zamu. Akavuta kiti, akafungua ukurasa mtupu, na akamuuliza Shaibu jina lake kamili.